Kipande na Ghala Lake

Habari za Nathan Most nilizisoma nikiwa karani wa oda katika ofisi ya madalali wa hisa Dar es Salaam, na nilizielewa upesi kuliko wenzangu waliosomea fedha chuo kikuu, kwa sababu mimi nimekulia Newala, kwenye korosho. Most alikuwa Mmarekani, mwanafizikia kwa elimu, ambaye kabla ya kuingia kwenye mambo ya hisa alifanya kazi na kampuni ya mafuta ya mimea. Katika biashara ile aliona jambo ambalo kwetu lilikuja kuwa sheria: mzigo unakaa ghalani, kinachozunguka mikononi mwa watu ni stakabadhi. Karatasi inauzwa asubuhi, inauzwa tena jioni, inawekwa rehani benki, na gunia halijasogezwa hata hatua moja. Baadaye, akiwa American Stock Exchange, soko lililokuwa likihangaika kutafuta biashara mpya, akajiuliza kwa nini hisa za kampuni 500 zisiwekwe ghalani vilevile, watu wakauziana stakabadhi. Toronto waliwahi kidogo na jambo kama hilo mwaka 1990. Stakabadhi ya Most, SPDR, ilianza kuuzwa New York tarehe 29 Januari 1993, na uzao wake ndio mifuko ambayo madalali wa dunia nzima wanaiita ETF.

Kazi yangu ilikuwa kupokea oda kwa simu na kumsomea mteja alichoagiza kabla hakijaingizwa kwenye mtambo. Wateja wengi walikuwa wametokea UTT, taasisi ya Tanzania ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na mkanganyiko ulianzia hapo. Mama yangu mwenyewe ana vipande vya Mfuko wa Umoja tangu ulipoanzishwa 2005. Pale kuna hesabu moja tu: meneja anajumlisha thamani ya hisa, hatifungani na fedha zilizopo, anatoa madeni, anagawa kwa idadi ya vipande, nawe unanunua kwa mfuko wenyewe au unaurudishia kwa bei inayotokana na hesabu hiyo. Hakuna kupatana. Mfuko unaoorodheshwa sokoni una namba mbili. Moja ni hesabu ileile ya jioni, thamani halisi ya kipande. Nyingine ni bei ya ubaoni, nayo haitoki kwa meneja. Inatoka kwa mtu mwingine kama wewe anayetaka kuachana na kipande chake, pengine kwa sababu ada ya shule inadaiwa. Hakuna kifungu cha sheria kinachozilazimisha namba hizo zilingane. Hata hivyo, kwa mifuko mikubwa ya New York hutofautiana kwa senti chache siku nenda siku rudi, na aliyezoea hali hiyo huishia kuamini kuwa ni namba moja.

Kinachozishikilia pamoja ni tamaa, na nasema hivyo kwa heshima. Zipo benki na kampuni kubwa za biashara ya hisa zilizotia saini mkataba na mfuko. Zinaitwa washiriki walioidhinishwa, na ni hizo peke yake zinazoruhusiwa kufika mlangoni pa ghala. Tuseme kipande kinauzwa dola 100 sokoni, na hisa zilizo nyuma yake zinapatikana kwa dola 99. Mshiriki ananunua hisa zenyewe kwa uwiano wa mfuko, anazikabidhi, anapewa vipande vipya, anaviuza. Bei ikianguka chini ya thamani, anafanya kinyume: ananunua vipande, anavirudisha, anatoka na hisa, anaziuza. Kwa SPDR fungu moja la kuingiza au kutoa ni vipande 50,000, kwa hiyo senti kumi za tofauti ni dola 5,000 kabla ya gharama. Kila akifanya hivyo anaisukuma bei kuelekea kwenye thamani, na haachi mpaka faida iishe. Ni ulanguzi mtupu, ila ni ulanguzi unaomlinda mnunuzi mdogo asiyejua hata kama upo.

Most alimwendea John Bogle wa Vanguard akitaka kuutumia mfuko wake kwa kazi hii. Bogle akakataa, kwa hofu ya watu watakaoingia na kutoka kila saa, na mpaka anafariki mwaka 2019 aliendelea kuwalaumu wanaozichezea ETF kama karata. Nadhani alikuwa na hoja kuhusu watu. Kuhusu mlango wa ghala, Most ndiye aliyeona mbali.

Lakini ule ulanguzi una gharama zake, na jambo hili lilinichukua muda kuliona. Mshiriki hashughuliki mpaka pengo lizidi gharama ya kubeba mzigo. Hisa kubwa za Marekani zinanunuliwa na kuuzwa kwa sekunde, kwa tofauti ndogo mno, ndiyo maana pengo lake ni senti. Hatifungani za kampuni ndogondogo hazipatikani hivyo; unampigia mtu simu, anakutajia bei, unasikitika, unampigia mwingine. Hapo pengo linaweza kukaa wazi na mlanguzi akiliangalia tu. Kuna pia suala la saa. Mfuko wa hisa za Japani unauzwa New York wakati Tokyo wamelala. Thamani yake imepigwa kwa bei za Tokyo zilizofungwa saa nyingi nyuma, ilhali bei ya ubaoni imeshasikia habari zote za mchana wa Marekani. Mteja akiniambia mfuko huo unauzwa ghali kuliko thamani, humwuliza kwanza thamani ya saa ngapi.

Machi 2017 nilikuwa Nairobi, nimeazimwa kwenye ofisi rafiki, NewGold ilipoorodheshwa katika soko la hisa la huko. Mfuko huo ulizaliwa Johannesburg mwaka 2004, na kwa Kenya ulikuwa wa kwanza wa aina yake. Kipande kimoja kilibuniwa kuwa sehemu moja ya mia ya wakia ya dhahabu, ingawa kinapungua kidogo kila mwaka kwa kuwa ada hulipwa kutoka kwenye dhahabu hiyohiyo. Hesabu haikuwa ngumu: wakia ilikuwa karibu dola 1,250, dola moja kama shilingi 103 za Kenya, kwa hiyo kipande kilipaswa kuwa chini kidogo ya shilingi 1,300. Wateja waliipenda sana habari hiyo. Dhahabu bila kuogopa mwizi, bila kumtilia shaka sonara! Kisha vumbi la uzinduzi likatua, na siku nyingi zikawa zinapita ubao hauonyeshi hata kipande kimoja kilichouzwa.

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyehamia Mombasa kwa bintiye, alikuwa amenunua vipande kadhaa. Agosti 2019 dhahabu ilivuka dola 1,500 kwa wakia, mara ya kwanza tangu 2013. Akanipigia simu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Redioni wanasema dhahabu imepanda. Yangu mimi imelala. Imekuwaje, wameichanganya na shaba?”

Nilimwomba achukue kalamu. Nikamtajia bei ya wakia, nikamtajia bei ya dola, nikamwambia agawe kwa mia kisha apunguze za ada. Alimaliza kabla yangu. Jibu lake lilikuwa juu sana ya namba iliyokuwa ubaoni.

“Sasa hii namba ya ubaoni ni ya nani?”

“Ya mtu wa mwisho kununua, mjomba.”

“Na yeye keshakwenda zake.”

Mpaka leo sijapata maelezo mafupi zaidi ya hayo, na nimeyatumia kwa wateja wengi bila kumlipa. Pengo alilokuwa akiliangalia halikuwa maoni ya soko kuhusu dhahabu. Hakukuwa na mtu aliyesema dhahabu ya Nairobi ina thamani ndogo kuliko ya London. Palikuwa tu na kumbukumbu ya biashara iliyokwisha, na kando yake oda chache za watu wanaotaka kununua kwa bei ya kutupa. Nilimshauri asiuze kwa bei yoyote itakayopatikana, aandike bei ukomo. Aliweka oda karibu na hesabu yake, ikakaa, muda wake ukaisha bila kuguswa, naye akaamua kubaki na dhahabu yake.

Bei ya mtu asiyeweza kusubiri tunaijua sana kwetu. Inaitwa kangomba. Mnunuzi anakuja kijijini kabla ya mnada, na fedha taslimu mfukoni, anamkuta mkulima mwenye mgonjwa au mwenye njaa, anachukua korosho kwa bei ambayo mnadani ingekuwa kichekesho. Ni kosa kisheria, na kila kijiji kinamjua anayeifanya. Nikiwa mdogo nilidhani kangomba inatokana na ujinga wa mkulima. Ujinga haukuwepo, mkulima alijua bei ya mnada vizuri kuliko afisa ushirika. Alichokosa ni wiki tatu.

Jumatatu ya tarehe 24 Agosti 2015 niliona jambo hilohilo likiwapata watu wa New York, tena matajiri. Hisa za Shanghai zilikuwa zimeanguka kwa zaidi ya asilimia 8 siku hiyo, na Marekani ilipofungua asubuhi yake fahirisi ya S&P 500 ikashuka kama asilimia 5. Kushuka huko kulikuwa kubaya, lakini kulielezeka. Kisichoelezeka kilikuwa mifuko. Mmoja unaobeba hisa zilezile za S&P 500, kila kampuni kwa uzito sawa, ulianguka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya dakika chache, wakati hisa zilizo ndani yake hazikushuka hata robo ya hapo. Kisha ukarudi juu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sababu zilijulikana baadaye na ni za kawaida kabisa. Hisa nyingi zilichelewa kufunguliwa asubuhi ile, kwa hiyo walanguzi hawakuwa na bei za kupigia hesabu ya thamani. Mitambo ya soko ilisimamisha biashara ya hisa na mifuko karibu mara 1,300 siku hiyo. Huwezi kununua leo kipande ambacho hujui kama dakika tano zijazo utaruhusiwa kukiuza. Walanguzi wakakaa pembeni. Na waliobaki sokoni walikuwa wauzaji wasioweza kusubiri, wengi wao bila kujua kuwa ni wauzaji. Binamu yangu anayeishi Maryland alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameacha maagizo kwamba mfuko wake ukishuka hadi bei fulani uuzwe. Alidhani amejiwekea kinga kwenye bei ile. Agizo la namna hiyo, bei ikiguswa tu, hugeuka kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo, na bei iliyokuwepo ilikuwa ya kangomba. Mchana mfuko umerudi karibu na ulikokuwa, yeye ana fedha taslimu na kifua kinamuuma.

Baada ya siku ile niliamini kwamba thamani ndiyo kweli na bei ndiyo inayopotoka. Wengi wanaoandika kuhusu mifuko hii wanaishia hapo. Korosho ingepaswa kunifundisha mapema kwamba mambo yanaweza kugeuka.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007 nilikuwa sekondari, na neno jipya mdomoni mwa kila mzazi lilikuwa bei dira. Hiyo ilitangazwa kabla ya msimu, na mkulima alipewa malipo ya awali kwa kuifuata, mengine yakisubiri mnada. Watu waliishika bei dira kama hati. Waliipigia hesabu ya bati, ya mahari, ya pikipiki. Mnada ukija na bei ndogo, iliyoonekana ya uongo ni bei ya mnada. Aprili 2013 kule Liwale nyumba zilichomwa moto kwa sababu malipo yalikuwa chini ya yale watu waliyotarajia. Lakini kati ya namba mbili zile, ni moja tu iliyokuwa na mnunuzi nyuma yake.

Thamani ya kipande nayo ni hesabu ya mtu aliyeketi mezani. Kwa hisa zinazouzwa kila sekunde, hesabu hiyo ni nzuri. Kwa hatifungani ambayo haijauzwa tangu wiki iliyopita, anayepiga hesabu anakadiria kutokana na zinazofanana nayo. Tarehe 12 Machi 2020, dunia ikianza kufungwa kwa korona, mfuko mkubwa wa hatifungani wa Vanguard ulimaliza siku ukiwa zaidi ya asilimia 6 chini ya thamani yake iliyotangazwa. Huo ni mfuko wa kutuliza moyo, wenye hatifungani nyingi za serikali ya Marekani ndani yake. Magazeti yakasema umevunjika. Siku hiyohiyo vipande vya mfuko wa hatifungani za kampuni wa BlackRock viliuzwa karibu mara 90,000, wakati hatifungani zake tano kubwa ziliuzwa kwa wastani wa mara 37 kila moja. Sasa mimi niamini ipi: bei iliyopatanwa mara 90,000, au kadirio lililoegemea biashara 37? Yeyote aliyejaribu kuuza hatifungani zenyewe wiki ile alikutana na bei za mfuko, si na thamani za kwenye karatasi. Pengo lilipungua baada ya benki kuu ya Marekani kutangaza tarehe 23 Machi kwamba itanunua hatifungani za kampuni na hata vipande vya mifuko hiyo.

Ugiriki ilikuwa wazi zaidi. Soko la hisa la Athens lilifungwa tarehe 29 Juni 2015, nchi ikibishana na wadai wake, likakaa limefungwa mpaka tarehe 3 Agosti. Mfuko wa hisa za Ugiriki uliendelea kuuzwa New York kila siku, na siku ya kwanza tu ulishuka karibu moja ya tano. Hisa zilizo ndani yake hazikuwa na soko; bei zake zilikuwa zimegandia pale Athens ilipofunga. Ukisoma tofauti ya bei na thamani majuma yale, ungedhani wauzaji wamepagawa. Athens ilipofunguliwa, fahirisi yake kuu ilianguka kwa zaidi ya asilimia 16 siku moja. Wauzaji wa New York walikuwa wameshafika huko wiki tano kabla.

Niliyasema haya katika semina moja Newala, mbele ya viongozi wa vyama vya msingi, na nilitegemea wasinzie. Mhazini mmoja, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanyoosha mkono.

“Dada, umesema wanaoruhusiwa kuingia ghalani ni wachache. Je, ghala likiwa halina mlango wa kutokea?”

Nikamweleza habari za Grayscale. Hao walikuwa na dhamana iliyoshika bitcoin, vipande vyake vinauzwa sokoni, lakini hakuna aliyeweza kurudisha kipande akapewa bitcoin yake. Mwaka 2017 watu walikuwa na kiu kiasi kwamba bei ya kipande ilifika zaidi ya mara mbili ya bitcoin iliyokuwa ndani yake. Kuanzia mwanzoni mwa 2021 upepo ukageuka, na Desemba 2022 kipande kikawa kinauzwa karibu nusu ya thamani. Mali ilikuwepo na hesabu yake ilijulikana. Aliyenunua kwa nusu bei hakuwa na namna ya kuidai nusu nyingine. Agosti 2023 mahakama ya rufaa ya Washington ikawapa Grayscale ushindi dhidi ya wasimamizi wa masoko waliowakatalia kugeuka kuwa ETF, na pengo likapungua zaidi palepale, kabla mlango haujafunguliwa. Tarehe 11 Januari 2024 ukafunguliwa, na likabaki dogo mno.

“Na mlango ukishafunguliwa, unaweza kufungwa tena?”

Unaweza, nikamwambia. Februari 2012 benki ya Credit Suisse ilisimamisha utoaji wa vipande vipya vya TVIX, hati ya deni iliyofuata fahirisi ya mtikisiko wa soko. Waliotaka kununua wakabaki wanagombania vilivyokuwepo, na mwezi uliofuata bei ikapanda mpaka karibu asilimia 90 juu ya thamani. Ndani ya siku mbili zilizozunguka habari za mlango kufunguliwa upya, bei ikapoteza karibu nusu.

Mhazini akataka kujua kama walionunua juu kule walifichwa thamani yenyewe.

Hawakufichwa. Ilikuwa ikitangazwa kila sekunde 15.